Mugeni alibaki, mwenyeji akashuka: mwaka wa kwanza wa Dragons Catalans

Wasomaji wetu wengi wanajua mupira wa miguu tu. Mazembe na Lupopo zinatosha kugawanya nyumba: baba upande huu, mutoto wake upande ule, na mama anaita watu wakuje kula juu chakula kinapoa. Lakini leo tunataka kuwaelezea mupira mwingine, ule wa mikono, rugby ya watu 13. Tunauleta ku ukurasa huu kwa sababu moja: ni muchezo wa watu wa mugodi. Wachimbaji wa makala ya mawe wa Uingereza njo waliukomalisha. Ulizaliwa juu ya palabre ya mushahara. Na mu mwaka wa 2006, muji mumoja wa wachimbaji uliumia sana wakati klabu mupya ya Ufaransa iliingia mu shampiona yao. Habari ile iko na kitu cha kutuambia hata sisi wa huku.

Siku iliyokatwa

Tuanze ku mwanzo. Kaskazini ya Uingereza, miaka ya 1890. Mutu anatumika shimoni ao mu fabrike siku sita. Siku ya posho pia anaingia asubui, anatoka mu katikati ya siku. Kama ekipe yake inaenda kucheza muji wa mbali, anapashwa kuacha kazi mapema, na mukubwa wa kazi anakata ile siku. Alicheza vizuri, watu elfu na elfu walilipa kuingia uwanjani, lakini yeye anarudia nyumbani na mushahara wenye kupunguka. Bibi yake anauliza franga ya unga iko wapi. Atajibu nini?

Klabu za kaskazini ziliomba kitu kimoja paka: muchezaji alipwe siku aliyoipoteza, basi. Wakubwa wa rugby walikatala. Wengi wao walikuwa watu wenye mali, watoto wa masomo makubwa, na kwao mupira ulikuwa wa kujifurahisha. Mutu hawezi kukosa mushahara? Asicheze.

Tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka wa 1895, mu hoteli moja ya muji wa Huddersfield, klabu zaidi ya 20 zilisema: sawa, sisi tunatoka. Zikaanzisha chama chao, na zikakubali kumulipa mutu mpaka shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyoipoteza. Kiloko kiloko wakageuza na sheria za muchezo, na mu 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 mpaka 13. Njo pale rugby ilipogawanyika mara mbili, na mpaka leo haijaungana.

Kwa wale ambao hawajauona, muchezo uko hivi. Watu 13 kila upande, dakika 80. Unabeba mupira mu mikono, unaupitisha kwa ndugu yako wa pembeni ao wa nyuma, hauwezi kuutupa mbele. Wakikuangusha, unasimama, unausukuma nyuma kwa muguu, na kazi inaendelea. Wakiwaangusha mara sita, mupira unapita kwa wengine. Ukiuweka chini nyuma ya mustari wa wapinzani, pointi 4. Kiisha ukiupiga ukapita kati ya miti miwili, pointi 2 za kuongeza. Ni kazi ya ekipe, sawa ile ya chini ya udongo. Mumoja akilala, wenzake njo wanaumia.

Miji ya makala ikaushika muchezo huu kwa nguvu: Wigan, Leigh, Castleford, Featherstone, Wakefield. Wazee wa kule wako na masemi yao: kama klabu ilipungukiwa mutu wa nguvu wa mbele, mukubwa wake alienda ku mudomo wa shimo, akapiga filimbi, na mutu akapanda. Ni masemi ya kuchekesha, lakini yanaonyesha vile mugodi na uwanja vilikuwa nyumba moja.

Ufaransa: muchezo uliokatazwa

Rugby ya 13 ilifika Ufaransa mu 1934, ikiletwa na Jean Galia. Kusini ya inchi, watu waliipenda mbiyo mbiyo, na klabu zingine zikahama kutoka rugby ya 15. Halafu vita ikakuja. Mu mwezi wa 12 wa mwaka wa 1941, serikali ya Vichy, ile iliyotumika pamoja na Wajerumani, ikaufuta muchezo ule kabisa. Apana kupunguza: kufuta. Mali yake yote ikakamatwa. Kiisha vita ulirudilia, lakini kwa miaka mingi haukuwa na ruhusa ya kujiita rugby. Waliuita « jeu à XIII » tu. Mali iliyochukuliwa haikurudia. Mutu aliyekatwa muguu anaweza kutembea tena, lakini hakimbii sawa mbele.

Kwa hiyo Waingereza walipoanzisha shampiona yao ya kisasa, Super League, mu 1996, walitaka Ufaransa iwe ndani. Wakaweka klabu Paris. Mechi ya kwanza kabisa ya shampiona ile ilichezewa pale, tarehe 29 mwezi wa 3: Paris ilishinda Sheffield 30 kwa 24, mbele ya watu karibu 18,000. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mizizi haikukuwa. Wachezaji wengi walikuwa watu wa kusini, wanasafiri kwa ndege kuja kucheza « nyumbani ». Miaka miwili, Paris ilikuwa ya 11 kati ya ekipe 12, na mwisho wa 1997 klabu ikakufa.

Wachimbaji wa Featherstone hawakusahau. Ku mwanzo wa Super League ile, klabu yao ilibakia inje, na Paris ikaingia. Mbele ya pale kulikuwa na mupango mwingine: Castleford, Wakefield na Featherstone zichanganywe kuwa klabu moja tu, jina lake Calder. Watu wa miji ile mitatu walikatala mupaka mupango ukaanguka. Mutu hawezi kukuambia kesho ushangilie pamoja na jirani uliyepigana naye miaka mia, kwa sababu televizio inaleta franga.

Siku ya posho, Perpignan

Sasa tufike ku klabu yetu. Perpignan ni muji wa kusini kabisa ya Ufaransa, karibu na mupaka wa Espania, inchi ya Wakatalani, rangi zao ni damu na zahabu. Mu mwaka wa 2000, klabu mbili za pale, XIII Catalan na Saint-Estève, ziliungana. Mu 2004, Waingereza wakachagua Perpignan, wakaacha Toulouse na Villeneuve, ili iingie Super League mu 2006. Prezida wake alikuwa Bernard Guasch, mufanyabiashara wa nyama. Safari hii wachezaji wangeishi pale pale wanapochezea. Somo la Paris lilikuwa limesikika.

Tena wakapewa kinga: miaka mitatu, hata wakiwa wa mwisho, hawatashuka divizio ya pili. Mushike neno lile, tutalirudilia.

Kocha alikuwa Mick Potter, wa Australia. Kapiteni alikuwa Stacey Jones wa Nyuzilandi, mutu mufupi mwenye akili ya mupira, ambaye mu 2002 alihesabiwa muchezaji bora wa dunia. Pembeni yake waliweka vijana wa Ufaransa: Thomas Bosc, Grégory Mounis, Rémi Casty, na mukubwa wao Jérôme Guisset, aliyekuwa amekwisha kucheza Uingereza.

Nyumba yao, uwanja wa Gilbert Brutus, ilikuwa bado inajengwa. Uwanja ule unaitwa jina la mutu wa rugby aliyeingia mu upinzani juu ya Wajerumani, akakufa mikononi mwao mu 1944. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, Dragons walienda kupanga Aimé Giral, uwanja wa klabu ya rugby ya 15 ya muji ule ule. Muelewe vizuri: ni sawa Lupopo ianze mwaka wake mu Kamalondo. Jirani uliyegombana naye tangu babu zenu, njo anakufungulia mulango.

Tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2006, siku ya posho. Wageni ni Wigan, muji wa makala, klabu iliyochukua Kombe la Uingereza mara nane mufululizo kutoka 1988 mpaka 1995. Watu zaidi ya 11,000 walikuja kuangalia kama klabu mupya itachinjwa. Haikuchinjwa. Dragons walishinda 38 kwa 30. Wazee waliokumbuka miaka ya kukatazwa waliona kitu ambacho hawakufikiria kukiona tena: ekipe ya Ufaransa ya watu 13, mu shampiona kubwa, inashinda Wigan.

Kazi ya kila yenga

Lakini kushinda siku moja na kutumika mwaka muzima ni vitu viwili. Kila mutu wa mugodi anajua: siku ya kwanza hata kijana anashika pelle kwa nguvu. Mwezi wa tatu njo unaona mutu.

Shampiona ilikuwa mechi 28. Kila mara mbili, moja ilikuwa ngambo ya bahari: ndege, bisi, baridi, mvua ya Uingereza, kiisha kurudia na mwili wenye kuvunjika. Na ekipe zingine zilisafiri saa moja tu kati ya muji na muji. Stacey Jones, ambaye kila kitu kilipitia mu mikono yake, alivunjika mukono, akakaa inje. Vijana wa Ufaransa walikutana na mwendo ambao shampiona ya kwao haikuwafundisha. Dakika 60 wanasimama vizuri; zile 20 za mwisho miguu inakataa.

Mwisho wa hesabu: mechi 28, kushinda mara 8, kufungwa mara 20. Nafasi ya 12 kati ya 12. Wa mwisho.

Mu mwaka wa kawaida, wa mwisho anashuka. Lakini wao walikuwa na kinga. Kwa hiyo kila ekipe ya chini ilifanya hesabu moja: hata Dragons wakiwa nyuma yetu, haitusaidie kitu. Yule wa juu yao njo atashuka. Hata Wigan wenyewe, kiisha kufungwa Perpignan, walikaa ku mukia mupaka katikati ya mwaka. Woga uliwafanya watoe pauni 450,000 kununua muchezaji mumoja tu, Stuart Fielden wa Bradford, bei ambayo muchezo ule haukuwa umeona. Wigan waliokoka. Wao walikuwa na franga.

Siku ya posho ingine, Wakefield

Castleford hawakukuwa nayo. Ni muji wa watu kama 40,000. Mugodi wa Glasshoughton ulifungwa mu 1986, ule wa Wheldale mu 1987, muda kiloko kiisha greve kubwa ya 1984 na 1985. Mwaka muzima wa greve, wachimbaji hawakukamata mushahara, na mu miji ya makala wake zao njo walisimamisha jiko la pamoja ili watoto wakule. Greve ilishindwa, migodi ikafungwa. Muji wa namna ile, ukiuliza nini kilibaki cha kwao wenyewe, wanakuonyesha uwanja.

Tarehe 16 mwezi wa 9 mwaka wa 2006, mechi ya mwisho, ilikuwa Castleford kwa Wakefield. Miji hii miwili iko karibu, kama kilometa 15 hivi. Yote miwili ni ya wachimbaji. Aliyefungwa anashuka. Ndugu na ndugu, shemeji na shemeji, upande huu na upande ule, uwanja wa Belle Vue umejaa. Wakefield walishinda 29 kwa 17.

Castleford ikashuka, na mu hesabu ilikuwa na pointi kupita Dragons. Mwaka mumoja mbele, mu 2005, Leigh na Widnes zilikuwa zimekwisha kushushwa zote mbili kwa mara moja, ili Perpignan ipate nafasi. Leigh pia ni muji wa makala. Kwa hiyo mulango uliofunguliwa kwa mugeni, miji ya wafanyakazi njo iliulipa.

Ni nani alikuwa na haki?

Tusikimbie kuhukumu. Watu wa Perpignan wako na jibu. Muchezo wao ulikatazwa na serikali, mali yake ikachukuliwa, na Paris ilionyesha kama klabu mupya haiwezi kusimama kwa mwaka mumoja. Kama ungewashusha mu 2006, nani angekuja kucheza kule mu 2007? Nani angemwambia kijana wa Ufaransa aache masomo ao kazi kwa ajili ya kontra ya miezi kumi? Tena sheria ilijulikana mbele ya kuanza. Castleford walikuwa na mechi 28 za kujiokoa. Hata siku ya mwisho, bahati yao ilikuwa mu mikono yao wenyewe.

Na watu wa Castleford wako na lao. Muchezo unahesabiwa ku uwanja. Kama mutu aliyefungwa mara nyingi kukupita wewe anabaki, na wewe unatoka, mwambie nini mutoto anayevaa maillot ya klabu? Klabu ikishuka, franga ya televizio inapunguka, wachezaji wazuri wanaenda, na wale wadogo wa ofisi na wa kukata nyasi njo wanaachishwa wa kwanza. Hawakukatala mugeni. Walikatala kulipa chakula chake peke yao.

Sisi tunaona hivi. Wahenga walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Kumupa mugeni siku za kupumzika si zambi. Bila ile, hakuna mutu mupya anaweza kuanza kazi mahali popote. Sisi wote tulikuwa siku moja kijana asiyejua, na muzee mumoja alitufunika makosa mupaka tukazoea. Lakini wakati ekipe inafunika mupya, wote wanabeba kiloko kiloko. Wakubwa wa shampiona wangeweza kusema: mwaka huu hakuna anayeshuka, tutakuwa wengi zaidi, tugawanye hasara. Hawakusema vile. Walimubebesha mutu mumoja, na yule mumoja alikuwa wa mwisho mu mulolongo wa wenye franga. Sawa 1895, hesabu iliyofanyika mu ofisi ilikata siku ya mutu mwingine.

Siku ya tatu

Dragons walikamata jembe? Ndiyo. Mwaka wa pili, 2007, walifunga Wigan 37 kwa 24 mu nusu finali ya Kombe, wakafika Wembley, klabu ya kwanza ya Ufaransa kufika pale. St Helens iliwafunga 30 kwa 8, lakini walifika. Mwaka wa tatu, 2008, mwaka wa mwisho wa kinga yao, walimaliza wa 3. Kinga ilikwisha bila mutu kuikumbuka tena. Mu mwaka wa 2018 walirudilia Wembley, wakafunga Warrington 20 kwa 14, na Kombe likavuka bahari kwa mara ya kwanza. Kapiteni aliyelibeba alikuwa Rémi Casty, yule kijana wa mwaka wa kwanza, wa mechi 20 za kufungwa.

Na Castleford? Mu 2007, mwaka mumoja tu, walifunga Widnes 42 kwa 10 mu finali ya divizio ya pili, wakarudia juu. Mu 2015, Kellingley, shimo la mwisho la makala la inchi nzima, ambalo liko karibu nao, likafungwa. Miaka miwili kiisha pale, mu 2017, Castleford ilimaliza ya kwanza mu Super League, kintu ambacho klabu ile haikukifanya tangu kuzaliwa. Finali iliwashinda, Leeds wakachukua. Lakini mu jedwali la mwaka ule, jina la juu kabisa lilikuwa la muji usiokuwa na mugodi hata mumoja.

Tunafikiria juu ya hiyo siku za posho, wakati tunapita karibu na viwanja vyetu mu migodi, vingine vyenye nyasi, vingine vyenye majani marefu. Shimo linakuwa na mwisho. Kila muchimbaji anajua siku moja litakauka ao litafungwa. Watu wa Castleford walichunga uwanja wao wakati shimo lilikuwa bado wazi. Njo maana walipofungiwa shimo, walikuwa na mahali pa kwenda siku ya posho.